Kipi Kilianza Kwanza? Uchambuzi wa Kisa cha Sonona Mjini Kisumu

Mteja huyu alifika kwetu, katika ofisi ya ushauri nasaha, wiki iliyofuata Pasaka ya 2025 akiwa na barua fupi kutoka zahanati ya karibu na kwao, upande wa Muhoroni, iliyosema kwamba tangu Septemba iliyotangulia alikuwa ametibiwa malaria na taifodi mara tatu, na kwamba bado alilalamikia kichwa, uchovu na kukosa usingizi. Chini ya barua hiyo mwandishi wake alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu ya rangi nyingine: "Huenda ni mawazo." Naamini aliyeuandika alimfaa mgonjwa wake kuliko alivyojua. Katika maeneo haya ya ziwa, ambako malaria haiishi, kichwa kinachouma na mwili uliolegea hupewa jina la malaria kabla mgonjwa hajaketi vizuri, na kipimo cha Widal huendelea kusoma "taifodi" kwa watu wengi ambao hawana homa hiyo. Inahitaji ujasiri kidogo kwa mhudumu wa zahanati kusita baada ya matibabu ya tatu na kuandika kwamba huenda tatizo liko kwingine.

Kisa ninachokieleza hapa nimekisuka kutokana na wateja zaidi ya mmoja, na nimebadilisha kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha yeyote kati yao. Mhusika nitamwita Baba, kama nilivyomwita katika vikao vyetu. Alikuwa na umri wa miaka 44, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wanne, kifungua mimba wa wazazi wake. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari, akipima matrekta ya miwa kwa mikataba ya msimu, hadi Juni 2024 mkataba wake ulipokwisha na haukufanywa upya. Alikuja na mkewe, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mshipi wake ulikuwa umevutwa hadi tundu lililotobolewa upya kwa msumari. Alijibu maswali kwa sauti ya chini, baada ya kimya kirefu, kana kwamba kila jibu lililetwa kutoka mbali. Mkewe hakuzungumzia huzuni hata kidogo. Yeye alilalamikia hasira: mume aliyekuwa mpole sasa alifoka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, kisha akatoka na kukaa peke yake nyuma ya nyumba mpaka giza.

Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba alama za hojaji zilituonyesha kuwa kuna tatizo, lakini kilichotuwezesha kulipa tatizo hilo jina ni kupanga matukio kwa wakati wake na kuuliza, kwa kila jambo lililotajwa, kipi kilianza kwanza.

Alama 18

Hojaji tuliyotumia ni PHQ-9, ya kupima dalili za sonona (depression), iliyochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Ina maswali tisa, na kila swali hupata alama kutoka 0 hadi 3 kulingana na siku ambazo tatizo hilo limemsumbua mtu katika wiki mbili zilizopita, kwa hiyo jumla haiwezi kuzidi 27. Si hojaji ngeni kwetu: matokeo ya kuipima miongoni mwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya yalichapishwa mwaka 2009. Nilimsomea maswali kwa Kiswahili, na pale alipoonekana kujibu swali asiloliona vizuri nililirudia kwa Kijaluo, kwa sababu mtu mwenye heshima zake hupenda kusema "ndiyo" kuliko kumwomba mwanamke aliye mdogo kwake arudie alichosema.

Alipata 3 kwa kupoteza hamu ya mambo, 3 kwa usingizi, 3 kwa uchovu, 2 kwa kukosa hamu ya chakula, 2 kwa kujiona hafai, 2 kwa kushindwa kutuliza akili, na 1 kwa kusema na kutembea polepole. Kwa swali la huzuni alijipa 1 tu. "Sina huzuni, Madam," alisema, "nimechoka tu." Kwa swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, pia alijipa 1. Jumla ni 18, ambayo katika mizani ya hojaji hiyo iko kati ya 15 na 19, yaani dalili zilizopita wastani na kuelekea ukali.

Hapo mshauri mwenye haraka angefunga faili. Lakini ukizigawa alama hizo, utaona kwamba usingizi, uchovu, chakula na ule upole wa mwendo, mambo manne ya mwili, yalichangia 9, nusu kamili ya jumla. Upungufu wa damu unaweza kuzitoa alama hizo. Kifua kikuu kinaweza, kisukari kinaweza, tezi ya shingo (thyroid) iliyolala inaweza, na pombe inaweza. Hojaji haiulizi sababu. Inauliza tu kama jambo lipo na kwa siku ngapi. Aidha, wiki mbili ni dirisha dogo mno la kuonea maisha ya mtu ambaye mambo yake yalianza kuharibika karibu mwaka mmoja nyuma.

Jambo la pili lililohitaji utulivu ni ile alama 1 ya huzuni. Wapo wanaodhani kwamba asiye na huzuni hana sonona. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, na angalau moja kati ya hizo iwe ama huzuni ama kupoteza hamu na raha. Yaani mojawapo yatosha. Kwa mteja huyu hamu ilikuwa imekauka. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia, na hakuwa amekwenda mazoezini tangu mwaka uliotangulia. Mkewe alisema jambo ambalo kwa mtu wa Kisumu ni ushahidi mzito zaidi: timu ya soka ya Gor Mahia ikicheza, haulizi matokeo, na akiambiwa wameshinda anaitikia kwa heshima tu. Kuhusu huzuni yenyewe, mwongozo huohuo unakubali kile wanachokiona wengine, na mke alikuwa amemkuta akilia alfajiri zaidi ya mara moja. Sikumbishia mteja kuhusu neno alilolichagua. Niliandika alilosema yeye na alichokiona mkewe, kila kimoja mahali pake.

Swali la tisa

Jibu la 1 kwa swali hili si dogo, na halikuachwa hadi kikao cha pili. Nilimwomba mkewe atupishe kidogo, nikauliza waziwazi kama aliwahi kufikiria kujiua. Wengine huogopa kwamba kuuliza ni kumfundisha mtu wazo hilo. Uzoefu wa kazi hii na utafiti uliofanywa kuhusu jambo hilo haviungi mkono hofu hiyo, na nyuso nyingi nilizoziona baada ya swali zilionyesha nafuu. Yeye aliuliza kwanza, "Hii si ni kesi?" Nilimweleza kwamba kuwa na mawazo hayo hakujawahi kuwa kosa, na kwamba hata kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Sikutarajia kwamba habari ya mahakamani ingefungua kinywa chake, lakini ndiyo iliyofungua.

Alieleza kwamba usiku mwingi hutamani alale asiamke, jambo ambalo hakulihesabu kuwa wazo la kujiua, na kwamba katika mwezi wa Machi alisimama mara mbili mbele ya dawa ya kunyunyizia mimea iliyokuwa ghalani, akaiangalia, akarudi ndani. Hakuwa amejaribu wakati wowote. Hakuwa na siku aliyoipanga. Kilichomrudisha, alisema, ni mtoto wa mwisho, ambaye humsubiri mlangoni. Tofauti kati ya kutamani kufa, kufikiria namna ya kufa, kupanga na kuwa na nia ya kutekeleza ni tofauti ambazo mshauri hana budi kuziuliza moja baada ya nyingine, kwa sababu namba 1 katika hojaji inaweza kuficha yoyote kati yake.

Kwa ruhusa yake tulimwita mkewe arudi. Tulikubaliana kwamba dawa ile ingehamishiwa kwa shemeji yake siku hiyohiyo, si kesho, na kwamba mke angenipigia simu jioni kuthibitisha. Tuliandika kwenye karatasi dalili zinazomwonyesha kwamba usiku unakuwa mbaya, mambo anayoweza kuyafanya peke yake, watu wawili wa kuwaamsha, na hospitali ya kwenda ikiwa hayo hayatoshi. Laiti angekuwa na nia iliyokamilika au mpango wa karibu, kikao kingekatizwa hapo na angesindikizwa hospitalini. Simu ya jioni ilikuja.

Mstari wa wakati

Katika kikao cha pili tulichora mstari mrefu katikati ya karatasi kubwa, mwanzo wake ukiwa Juni 2024 na mwisho wake siku tuliyokuwa tumekaa pamoja. Watu wachache hukumbuka tarehe waliyoanza kukosa usingizi, lakini karibu kila mtu hukumbuka alikuwa vipi shule zilipofunguliwa, mahindi yalipovunwa, au mtoto alipoingia chumba cha mtihani. Tulitumia nguzo hizo. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu mwishoni mwa Agosti, Baba alikuwa tayari anaamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kupambazuke. Mwezi wa Septemba aliacha kwaya. Pia ndio mwezi alioanza kwenda zahanati. Mwanawe wa kwanza alipokuwa akiendelea na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yeye hakumbuki hata karatasi moja waliyoizungumzia, ilhali kwa mtoto huyu alikuwa akiulizia kila jaribio. Mwishoni mwa Novemba baba yake mzazi alifariki. Desemba alianza kunywa chang'aa karibu kila jioni.

Mpangilio huo ulibadilisha mazungumzo yote. Kila mtu aliyetoa maoni kuhusu hali yake, kuanzia padri hadi jirani, alikuwa ameeleza ugonjwa huu kwa msiba au kwa pombe, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vilivyoonekana. Ila usingizi, hamu ya maisha na nguvu za mwili vilikuwa vimeondoka miezi mitatu kabla ya mazishi na minne kabla ya chupa.

Hata hivyo msiba haukuweza kuwekwa kando. Kifungua mimba humzika baba yake mbele ya macho ya ukoo mzima, na yeye alimzika kwa deni. Turubai, viti, chakula cha waombolezaji wa siku kadhaa, gari la kuleta mwili: michango ya harambee haikufikia gharama, na alibaki akidaiwa na watu ambao hukutana nao sokoni. Nilitaka kujua kama nilikuwa nikitazama majonzi, sonona, au vyote viwili. Katika majonzi maumivu huja kama mawimbi, hupanda mtu akimkumbuka marehemu na kushuka akichangamshwa na watu, na kwa kawaida mtu hubaki akijithamini. Baba alieleza uzito usiopanda wala kushuka, na lawama zake hazikuishia kwa marehemu: alijiona hafai kuwa mume, hafai kuwa mzazi, hafai hata kuketi mbele katika kanisa. Zamani mwongozo wa Marekani ulizuia utambuzi wa sonona katika miezi miwili ya kwanza baada ya kufiwa isipokuwa kwa masharti maalumu; toleo la 2013 liliondoa kizuizi hicho, na mimi naona lilifanya vyema, kwa sababu msiba haumkingi mtu na ugonjwa. Kuhusu majonzi yanayopitiliza muda, ICD-11, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, inataka yapite miezi sita na toleo la DSM la 2022 linataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Yeye alikuwa na miezi mitano. Swali hilo tuliliacha wazi kwa makusudi.

Kuna mambo mawili ambayo mtu asiyewafahamu watu wa huku angeweza kuyachukua kwa pupa. La kwanza, mara mbili baada ya mazishi alisikia sauti ya baba yake ikimwita jina lake jioni, naye akaitika. Kusikia au kuona marehemu katika miezi ya kwanza ya msiba ni jambo linalowapata watu wengi wasio na ugonjwa wowote wa akili. Nilimuuliza kama sauti hiyo ilimwamuru jambo, kama ilimtukana, kama ilizungumza naye mfululizo au iliendelea hadi wakati huo. La, alijibu, na ilimfariji. La pili, shangazi zake walisema ana chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa wakati wa maziko na kwamba kukonda kwake ndiko ushahidi. Imani inayoshirikiwa na jamii nzima haiwezi kuandikwa kuwa fikra za ugonjwa. Nilimuuliza yeye mwenyewe anaamini nini, na watu wa nyumbani wanataka kifanyike nini. Alisema haamini sana, lakini angefanya walichotaka wazee iwapo kingewapa amani, mradi hakikumtaka atumie fedha asizokuwa nazo. Jibu hilo lilinionyesha mtu anayepima mambo kwa akili timamu, na pia lilinipa tahadhari kwamba tiba yoyote ingelazimika kuacha nafasi ya wazee.

Pombe iliamuliwa na Kwaresima. Nilipomuuliza kwa AUDIT, hojaji ya unywaji wa pombe, alipata 9, juu kidogo ya 8 ambayo huashiria unywaji wenye hatari. Swali gumu ni kama pombe ndiyo iliyozaa dalili hizi, na kawaida ya kulijibu ni kuangalia hali ya mtu baada ya kuacha kwa muda wa mwezi hivi. Ilitokea kwamba jaribio hilo lilikuwa limekwisha kufanyika bila sisi. Kama Mkatoliki aliyekuzwa kwa adabu ya zamani, aliweka chupa chini Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, na hakuigusa hadi Pasaka, tarehe 20 Aprili. Mkewe alithibitisha. Katika wiki hizo zaidi ya sita usingizi haukurudi, hamu haikurudi, na ndani ya kipindi hichohicho ndipo aliposimama ghalani mara mbili. Pombe ilikuwa ikizidisha hali yake na ilihitaji tiba, lakini haikuwa chanzo.

Mwili usisahauliwe

Tulimwelekeza kwa daktari kabla ya kuandika hitimisho lolote. Alipimwa wingi wa damu, sukari, VVU, utendaji wa tezi ya shingo na presha. Aliulizwa kuhusu kikohozi, jasho la usiku na dawa zote anazotumia, kwa kuwa zipo dawa, na efavirenz ya matibabu ya VVU ni mfano unaojulikana, ambazo zinaweza kuvuruga hisia na usingizi. Kipimo cha tezi ndicho kilichochelewa kwa sababu ya gharama. Bima aliyokuwa nayo kazini ilikuwa imekoma, na usajili wake katika SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haukuwa umekamilika. Majibu yote yalirudi yakiwa ya kawaida. Wapo wenzangu wanaokiona kipimo cha namna hii kuwa ni kupoteza fedha za mteja maskini. Mimi nakiona kuwa nafuu kuliko miezi ya ushauri nasaha kwa mtu ambaye tezi yake imelala.

Kampeni za 2013

Lililonisumbua zaidi ni jambo alilolitaja mke wake kwa kupita tu. Alisema mumewe hakuwa mtu wa kunyamaza: mwaka 2013, wakati wa kampeni za uchaguzi wa kwanza wa magavana, alikuwa akilala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, akizungumza bila kukoma, akigawa fedha, na alinunua pikipiki bila kumwambia mtu. Kwa mshauri yeyote maelezo hayo hupiga kengele. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka (bipolar) mara nyingi huja kwetu akiwa katika kushuka, maana katika kupanda hajioni mgonjwa. Na akipewa dawa ya sonona peke yake, bila ya kutuliza kupanda, anaweza kurushwa hadi kilele cha hatari. Kosa la kumwita mtu wa namna hiyo mgonjwa wa sonona ya kawaida halionekani siku ya kwanza. Huonekana wiki kadhaa baadaye, na wakati mwingine huonekana polisi.

Kwa hiyo kikao chote cha tatu kilikwenda kwa swali hilo, na kwa idhini yake tulimkaribisha mdogo wake, ambaye walifanya kampeni hizo pamoja. Sikuuliza kama Baba alilala kidogo. Niliuliza kama alihitaji usingizi. Mdogo wake alicheka: wote walilala kwa muda wa saa tatu tu kwa sababu mikutano ya usiku ilikuwa mingi, na siku mvua ilipozuia msafara Baba alilala hadi saa sita mchana na akaamka akilalamika. Mtu aliyepanda kwa ugonjwa hulala kidogo na kuamka mzima, bila kudai kulipa deni la usingizi. Fedha alizozigawa hazikuwa zake. Alikuwa amekabidhiwa na mgombea, na alizihesabu. Pikipiki aliinunua kwa malipo ya kazi hiyo, akaifanya biashara ya bodaboda kwa miaka miwili. Hakuna aliyemwona akijitangazia ukuu, akirukaruka kutoka wazo moja hadi jingine, au akifanya jambo ambalo wenzake katika msafara hawakulifanya. Matokeo yalipotangazwa alirejea mizani bila kuporomoka.

Niliridhika, lakini si kabisa. Katika ukoo kuna shangazi mmoja aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyejua uliitwaje. Jambo hilo liliandikwa katika faili kwa herufi kubwa, pamoja na maagizo kwa mke: akiona mume halali na hachoki, anasema haraka kuliko kawaida yake, au anaanza mipango mitatu kwa siku moja, atupigie simu kabla ya kufurahi.

Jina na tiba

Mimi ni mshauri nasaha. Naweza kutathmini, kueleza na kupendekeza, lakini jina la ugonjwa na dawa huandikwa na daktari. Tulimpeleka Baba kliniki ya afya ya akili katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi wa Kisumu bado huiita Russia, akiwa na ripoti ya kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ni ule mstari wa wakati, uliochorwa upya kwa usafi. Daktari aliniambia baadaye kwamba aliutazama huo kuliko maandishi yaliyoufuata, na sikuudhika. Alihitimisha kwamba ni sonona ya kipindi cha kwanza, ya wastani, isiyoandamana na dalili za kupoteza uhalisi, pamoja na unywaji wenye madhara unaohitaji kufuatiliwa. Hukumu ya "wastani" ilitofautiana kidogo na hojaji yangu iliyoelekea ukali. Yeye alizingatia kwamba mteja alikuwa bado anaamka, anaoga, anakwenda shambani kwa kusukumwa, na anaitika wanawe. Sikuona sababu ya kubishana, kwa kuwa mpango wa tiba ungekuwa uleule.

Alianzishiwa dawa ya sonona, fluoxetine, miligramu 20 kila asubuhi. Amitriptyline, dawa nyingine ya sonona ambayo ni rahisi kuipata na ambayo ingemsaidia kulala, iliepukwa kwa sababu ikimezwa kwa wingi ni hatari kwa moyo, na huyu alikuwa mtu aliyesimama ghalani. Dawa ilikabidhiwa mke kwa vipimo vya wiki mbili. Alielezwa kwamba nafuu haianzi siku ya pili, kwamba wiki za kwanza tumbo linaweza kusumbua na wasiwasi kuongezeka, na kwamba katika wiki hizo hasa ndipo tutakapoonana mara kwa mara. Kwa upande wangu nilianza na jambo dogo: kurudisha shughuli kabla ya kungoja hamu irudi. Hakurudi kwayani moja kwa moja. Alianza kwa kumsindikiza mtoto wa mwisho shuleni asubuhi na kurejea kwa njia ndefu. Deni la mazishi lilihitaji kikao chake, mkewe na mdogo wake, ambapo kila mdai aliandikwa na kupangiwa kiasi. Siiiti kazi hiyo kuwa nje ya tiba.

Baada ya wiki nne alama zake zilishuka hadi 14, na swali la tisa lilikuwa 0. Baada ya wiki kumi zilikuwa 8, chini ya nusu ya zile za mwanzo, jambo ambalo huhesabiwa kuwa ameitikia tiba, ingawa bado hajafika chini ya 5, ambako ndiko tunakokuita kupona kwa kipindi. Alama zilizobaki karibu zote ni za usingizi na za kujilaumu, na kujilaumu huko sasa kunamhusu marehemu peke yake: kwamba hakumpeleka hospitalini mapema, kwamba alimzika kwa kukopa. Kwa kadiri sonona inavyopungua, ndivyo majonzi yaliyokuwa chini yake yanavyoonekana wazi zaidi. Novemba mwaka utakuwa umetimia tangu kifo hicho, na familia inaandaa ibada ya ukumbusho. Tumepanga kumtathmini upya Desemba, baada ya ibada hiyo, kwa maswali ya majonzi yaliyopitiliza, huku dawa ikiendelea bila kupunguzwa na mke akiendelea kuangalia usingizi wake kwa pande zote mbili, wa kukosa na wa kutouhitaji.